Msimu wa Baridi Utafunguliwa na Waziri

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga, bali kwa sababu jina lake jipya bado linasubiri kuzinduliwa, na la zamani tumekatazwa kulitumia. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mabonde, na ina serikali inayowapenda wananchi wake kiasi kwamba haikubali jambo lolote lianze bila yenyewe kuwepo. Daraja likikamilika, tunaendelea kuvuka mto kwa miguu mpaka utepe ukatwe. Kisima kikichimbwa, maji yake hayanywewi mpaka yaonjwe na mgeni rasmi.

Kwa muda mrefu kilichoikaidi serikali kilikuwa kimoja tu, majira ya mwaka. Kuna mwaka baridi iliingia Waziri akiwa safarini. Akashuka kwenye ndege na shati la mikono mifupi, akatetemeka mbele ya waandishi wa habari, na picha ikatoka ukurasa wa kwanza. Wiki hiyohiyo ikaundwa Kurugenzi ya Majira, na Bunge likapitisha sheria kwamba hakuna msimu utakaohesabika kuwa umeanza mpaka ufunguliwe rasmi. Tangu hapo tunaishi kwa utaratibu. Mtumishi wa umma akionekana amevaa sweta kabla ya ufunguzi, anatakiwa kujieleza.

Sasa, juu milimani, katika wilaya ya Kilelema ambako ukungu huingia mpaka vyumbani, alikuwako mjane mmoja mfumaji wa masweta, Bi Nakiete. Sheria hiyo ilimfundisha kuuza masweta yake yakiwa yamezungushiwa gazeti, kama mtu anayeuza gongo. Hakulalamika sana. Lililomuumiza lilikuwa jingine.

Mwaka uliotangulia, binti yake Eliamani alijifungua mtoto wa kiume. Baridi ilipoingia, mtoto akashikwa na ugonjwa ambao madaktari wanauita kwa jina refu la kirusi kinachouleta, na wanawake wa Kilelema wanauita mbano, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Humbana mtoto kifua mpaka ukaziona mbavu zake kila anapovuta pumzi. Mtoto alifia hospitali ya wilaya, bibi yake ameshika miguu yake midogo akijaribu kuipasha joto. Mwaka huu Eliamani alijifungua tena, mtoto wa kike, wakamwita Namsifu. Na tangu azaliwe, Eliamani hakuwahi kulala usingizi wa moja kwa moja. Alikuwa akiamka na kuweka sikio kwenye kifua cha mtoto, anasikiliza.

Kwa hiyo habari zilipoenea kwamba imekuja sindano ya kuwakinga watoto na mbano, Bi Nakiete alimfunga Namsifu mgongoni, akamshika binti yake mkono, wakawa wa kwanza kufika kwa Daktari Mbonea, mganga mkuu wa hospitali ya Kilelema.

"Ni kweli imekuja," alisema Daktari Mbonea. "Nimeihifadhi kwenye friji mle ndani. Hii haitibu, mama, inakinga. Mtoto anapewa mara moja, baridi inapokaribia, naye anakaa salama miezi kama mitano. Tukimpa mapema mno, kinga inamwishia katikati ya baridi. Tukichelewa, mbano unatutangulia."

"Na wakati wake ni lini?"

Daktari alitazama dirishani. Nje ukungu ulikuwa umemeza nusu ya mnara wa maji. "Wakati wake ni huu. Ila msimu haujafunguliwa."

"Baridi hii unaiona?"

"Naiona, mama. Lakini siruhusiwi kuitambua."

Hapo ni lazima niseme neno la kuitetea Kurugenzi, kwa sababu watu wasio na shukrani walianza kusema imelala. Haikulala. Ilikuwa imeshapanga sherehe ya ufunguzi, ikaiahirisha, ikaipanga tena. Mara ya kwanza Waziri alikuwa ng'ambo kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu umuhimu wa kuwahi. Mara ya pili fulana za sherehe zilitoka kiwandani zimeandikwa MSIMU WA BARAFU, na ilionekana zingeleta taharuki. Mara ya tatu jukwaa lilikuwa fupi kuliko jukwaa la mwaka jana, jambo ambalo lingetafsiriwa kama kurudi nyuma kimaendeleo.

Wala dawa yenyewe haikusahauliwa. Dawa hii inataka kukaa kwenye ubaridi wa wastani. Ikipata joto inaharibika, na ikiganda barafu inaharibika vilevile. Kurugenzi ilisoma maelezo hayo hadi kwenye neno ubaridi, ikatoa agizo kwa wilaya zote: kwa kuwa dawa hupenda baridi, na kwa kuwa serikali hii haifanyi mambo nusunusu, vitufe vya majokofu yote vizungushwe hadi baridi ya mwisho. Wilaya nyingi zilitii. Dawa ikaganda, ikawa kama kokoto, na wakuu wa wilaya wakapigwa picha wameishika kwa glavu, wakitabasamu. Daktari Mbonea aliripoti kwamba kitufe cha friji lake kimekwama. Hakikuwa kimekwama. Ilipokuja amri nyingine, kwamba juisi za wageni wa sherehe zihifadhiwe kwenye jokofu hilohilo na mlango ufunguliwe kila alasiri kuhakikisha zimepoa, alizichukua kreti zile akazitumbukiza kijitoni nyuma ya hospitali. Zilipoa vizuri tu.

Wiki zilipita. Wodini wakaanza kuletwa watoto wanaokoroma kifuani. Eliamani aliacha kula. Bi Nakiete akaona hawezi kukaa tena akisubiri, akaazima viatu vya kufunika, akapanda basi kwenda Makao Makuu.

Mkurugenzi wa Majira, Bwana Fulgensi Ndabila, alimpokea vizuri. Ni mtu mwenye adabu, na ofisi yake ina kiyoyozi kilichowekwa kwenye majira ambayo yeye binafsi anayapendelea. Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho huku amefumba macho kwa huruma.

"Mama yangu," alisema, "uchungu wako ni uchungu wa taifa. Lakini hebu tutumie akili. Dawa ni ya msimu. Msimu bado. Nikikuruhusu leo, nitakuwa nimewachoma watoto dawa ya baridi wakati wa joto."

"Baba, kule kwetu watoto wameshaanza kukohoa."

"Hao wanakohoa nje ya msimu. Tumewaweka kwenye hesabu za vumbi."

"Kilelema hakuna vumbi. Kuna matope tangu mwezi uliopita."

"Basi unaona mwenyewe kwamba hali si mbaya." Akanywa chai. "Tatizo la wananchi ni kuchanganya hali ya hewa na majira. Hali ya hewa ni hiyo unayoisikia kwenye ngozi. Majira ni suala la kisheria."

Bi Nakiete aliangalia kikombe chake. Alikuwa amekuja na maneno mengi ya kusema, akakuta yote yameshajibiwa bila kuguswa. Mwishowe aliuliza tu, "Hiyo sheria inasemaje?"

Bwana Ndabila alifurahi. Ni nadra mwananchi kuonyesha hamu ya kujua sheria. Akaikariri kichwani, amesimama, mkono kifuani: "Msimu wa baridi utafunguliwa na Waziri, kwa kukata utepe mbele ya wananchi, na wananchi watapiga makofi."

"Waziri yupi?"

"Swali zuri. Wenzetu walitaka iandikwe waziri fulani wa wizara fulani. Mimi nikakataa. Mawaziri hubadilishwa leo na kesho. Sheria haibagui, mama. Waziri ni Waziri."

Bi Nakiete alishukuru, akamaliza chai yake, akaondoka. Bwana Ndabila aliwaambia wasaidizi wake kwamba ameridhika sana na yule mama, kwamba hivyo ndivyo elimu ya uraia inavyotakiwa kumwingia mtu.

Alipofika Kilelema hakwenda nyumbani. Alikwenda sokoni, kwenye kibanda cha fundi baiskeli mmoja, mtu wa makamo, mpole, ambaye baba yake mzazi alimpa jina la Waziri. Waziri Shekigenda alikuwa anaziba pancha.

"Kaka Waziri," alisema Bi Nakiete, "nimekuja kukuomba ukate utepe."

Akamweleza yote. Fundi alisikiliza huku gurudumu likizunguka polepole mkononi mwake.

"Dada, watanifunga."

"Huenda."

"Na mimi si mtu wa hotuba. Hata kwenye posa ya mwanangu nilimtuma shemeji azungumze."

"Sheria haitaji hotuba. Inataja utepe na makofi."

Waziri alilisimamisha gurudumu. Kisha akasema, "Yule mjukuu wako wa mwaka jana, nilibeba jeneza lake mimi. Lilikuwa jepesi mno. Nilikuwa naogopa nitakanyaga vibaya nikaliangusha, kwa vile sikuhisi nimebeba kitu." Akafuta mikono kwa tambara. "Kesho saa ngapi?"

Aliyebaki ni Daktari Mbonea, na yeye hakukubali haraka. Alikuwa na cheo, nyumba ya serikali, na watoto shuleni. Alimwambia Bi Nakiete kwamba huo ni mchezo wa maneno. Bi Nakiete akamjibu kwamba hata yeye anajua ni mchezo wa maneno, ila si yeye aliyeuanzisha. Walikuwa bado wamesimama kwenye baraza, mama mmoja akapita mbio na kichanga kimefunikwa khanga. Daktari akamfuata ndani. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa amevua miwani, na nyuma yake kilio cha yule mama kilikuwa kimeanza kupanda.

"Mwite huyo Waziri wako," alisema.

Hivyo ndivyo msimu wa baridi ulivyofunguliwa Kilelema. Utepe ulikuwa kamba ya sufu nyekundu ya Bi Nakiete. Waziri alivaa koti la harusi yake, akaikata kwa mkasi wa kukatia mpira, akasema, "Haya, baridi imeanza, watoto waingie," na wananchi, ambao walikuwa wamezoea hotuba za nusu siku, walichelewa kidogo kuelewa kwamba ni zamu yao ya kupiga makofi. Halafu walipiga. Namsifu alichomwa pajani, akalia kwa hasira, akanyamaza. Eliamani alimpokea, akaweka sikio kifuani pake kama ilivyo desturi yake, na usiku ule, kwa mara ya kwanza, alilala mpaka jua likachomoza.

Daktari Mbonea alifanya kazi siku hiyo na siku iliyofuata bila kukaa. Watoto wa mjini wote walipata. Wale wa mabonde ya mbali walikuwa bado njiani na mama zao serikali ilipofika.

Redio ilitangaza kwamba Kilelema kumefunguliwa msimu haramu. Waziri Shekigenda alikamatwa kwa kosa la kujifanya Waziri. Mahojiano yake kituoni tuliyapata kwa askari mmoja mwenye baiskeli mbovu.

"Nani alikuteua kuwa Waziri?"

"Sikuteuliwa, afande. Nilizaliwa hivyo."

"Aliyekuita Waziri ni nani?"

"Marehemu baba."

"Na marehemu baba yako alikuwa na mamlaka gani ya kuteua?"

Fundi alifikiri, akakiri kwamba hajui. Wakamweka ndani wiki mbili, kisha wakamwachia kwa masharti kwamba, hadi upelelezi ukamilike, aitwe Katibu. Mpaka leo sokoni wanamwita hivyo, na yeye huitika bila kinyongo, ingawa mke wake amekataa katakata.

Kurugenzi nayo ikamtuma afisa wake, kijana mtanashati aitwaye Tegemea, kuja kurejesha hali ya awali. Alikuwa na kazi mbili: kulifunga friji kwa lakiri ya serikali, na kukusanya kinga yote iliyotolewa kabla ya msimu. Ya kwanza aliimaliza asubuhi. Kwa ya pili alikaa barazani na sanduku la kubebea dawa lililojaa vipande vya barafu, akaagiza wazazi walete watoto.

Alikuja Bi Nakiete peke yake, na Namsifu. Akamweka mtoto mapajani pa afisa.

"Kinga iko humo ndani," alisema. "Itoe."

Tegemea alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama Tegemea, akashika tai yake.

"Inatolewaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Mliotumwa ni nyinyi."

Kijana aliendelea kumshika mtoto, na Bi Nakiete, ambaye alikuwa amejiandaa kugombana, aliona kwamba anamshika vizuri, amekinga kichwa kwa kiganja, kama mtu aliyezoea.

"Una mtoto," alisema.

"Amezaliwa mwezi huu." Tegemea alisita. "Yuko Makao Makuu na mama yake. Ameanza mafua. Bibi, huyu wako alipata mafua baada ya sindano?"

"Alipata. Yakaisha."

Tegemea aliinuka, akamrudisha mtoto, akaenda kusimama mbele ya friji. Makao Makuu hakukuwa na dawa. Dawa ya Makao Makuu ilikuwa imeganda, na yeye mwenyewe ndiye aliyechapa agizo la kuzungusha vitufe. Alimpigia simu Bwana Ndabila. Daktari Mbonea alisikia upande mmoja tu wa maongezi: ndiyo mheshimiwa, naelewa mheshimiwa, hapana mheshimiwa, ni mtoto wangu mheshimiwa. Halafu akakata simu.

"Amesema nini?" aliuliza Daktari.

"Amesema lakiri haiwezi kuvunjwa kwa ajili ya kutoa kinga. Ila inaweza kuvunjwa kwa ajili ya ukaguzi. Na mkaguzi anaruhusiwa kuambatana na familia yake."

Mke na mtoto waliletwa kwa gari la Kurugenzi. Lakiri ilivunjwa, mtoto akachomwa, lakiri mpya ikabandikwa, na taarifa ikaandikwa kwamba jokofu limekaguliwa na kukutwa katika hali ya kuridhisha. Daktari Mbonea aliomba, mlango ukiwa bado wazi, awaite na akina mama wa mabondeni waliokuwa wamelala barazani.

"Huu ni ukaguzi, Daktari," alisema Tegemea, na ni haki kusema kwamba hakumtazama usoni. "Si zoezi la kinga."

Baada ya hapo friji la Kilelema likawa friji linalokaguliwa kuliko yote nchini. Walikuja wakaguzi kutoka idara ambazo hatukujua zipo. Mkaguzi wa Barabara alikuja na watoto wake pacha. Mkaguzi wa Mizani alikuja na mjukuu. Bwana Ndabila mwenyewe alikuja na binti yake na kichanga kilichovishwa kofia tatu, akampongeza Bi Nakiete aliyekuwa amesimama getini kwa kuendelea kuifuatilia sheria. Kila mara lakiri ilivunjwa, na kila mara ikabandikwa nyingine, nyekundu, inang'aa. Kila mara Daktari Mbonea aliomba, na kila mara akajibiwa vilevile, mpaka akaacha kuomba na kuanza tu kusimama pale, mikono nyuma.

Miongoni mwa akina mama wa mabondeni alikuwamo mmoja aitwaye Ndekirwa, aliyekuja na mtoto wake wa kwanza. Alifika lakiri ikiwa imebandikwa saa chache tu. Alilala barazani siku kadhaa, chakula kikamwishia, akarudi bondeni baada ya kuambiwa asiwe na wasiwasi, aje siku ya ufunguzi, yeye atakuwa wa kwanza. Bi Nakiete alimpa sweta la mtoto. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Msimu wa baridi ulifunguliwa rasmi miezi kadhaa baadaye, siku ya jua kali ambalo Kilelema haijaliona kwa miaka mingi. Waziri, yule wa serikali, alichagua Kilelema makusudi, ili kufuta doa. Jukwaa lilikuwa refu kuliko la mwaka jana. Fulana ziliandikwa sawasawa. Alihutubia kwa saa nyingi, amevaa koti zito na skafu, jasho likimtiririka, akasema kwamba mwaka huu baridi imekuja kwa wakati. Akasema kuna wilaya zimemwangusha kwa kugandisha dawa, ila hapa uadilifu umeshinda, kwa kuwa lakiri ya serikali haijaguswa. Akaigusa. Akaionyesha kwa kamera. Akaivunja kwa mkono wake na kufungua mlango.

Ndani mlikuwa mweupe na msafi. Rafu zilikuwa tupu zote. Baridi ilitoka, ikampiga Waziri usoni, na tuliokuwa mbele tulimwona akifumba macho kwa raha.

Bwana Ndabila alimnong'oneza jambo. Waziri hakubabaika, mtu habaki kileleni kwa kubabaika. "Ndugu wananchi," alisema, "kama mnavyoona wenyewe, jokofu linafanya kazi."

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Bi Nakiete alikuwa safu ya mbele, Namsifu amelala begani mwake. Kando yake alikuwa ameketi Ndekirwa, aliyetoka bondeni kabla ya alfajiri ili asikose nafasi yake. Mtoto wake alikuwa hai. Alikuwa amepita kwenye mbano wote wa baridi ile bila kinga, na sasa alikuwa mdogo kuliko umri wake, anavuta pumzi kwa mluzi kama birika lililo jikoni. Ndekirwa hakuwa ameona vizuri kwa sababu ya kamera. Alisubiri makofi yapungue, akamfunga mtoto vizuri, akasimama.

"Wamefungua?" aliuliza.

"Wamefungua," alisema Bi Nakiete.

"Foleni inaanzia wapi?"

Bi Nakiete alilitazama lile jokofu tupu, akamshika mkono. Akamwambia aketi kwanza, jua ni kali, akamsogezea nafasi kwenye kivuli.